Winchi ya mgodini ya kunyanyulia nyati, kutoka kwa mafundi wa Makongolosi: maoni yangu baada ya msimu mzima

Wakuu habari za mihangaiko. Nimemaliza msimu mzima natumia vifaa nilivyotengenezewa na karakana moja ya kuchomelea pale Makongolosi wilaya ya Chunya, vya kunyanyua na kuhamisha mnyama mkubwa akishapigwa, na kwa vile watu wa kambi zingine za uwindaji wameniuliza sana nimeona niandike yote sehemu moja, kipi kizuri, kipi kinasumbua, na bei. Kwa wasiopenda kusoma marefu: winchi ya mkono na mkanda wa kuburutia nawapa kumi juu ya kumi, rola ya kwenye gari tisa, toroli nane, fremu ya miguu mitatu ya kutundikia mnyama saba mpaka warekebishe nyayo zake, na muda wa kusubiri kazi iishe ndo shida kubwa.

Mimi ni dereva kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii upande wa Pori la Akiba Rungwa. Kazi ya halali, kitalu kina mwenyewe, mteja ana kibali chake, na askari wa wanyamapori tunatoka naye kila siku. Nalisema mapema kwasababu hata mzee mwenye karakana, nilipomwamkia tu na kumweleza shida yangu, kabla hajashika hata chaki akaniambia, "Mwanangu, niletee kwanza karatasi ya kampuni nijue hii kitu inaenda kwa nani, majangili nao wanavipenda vitu vya hivi." Nikarudi na barua yenye mhuri ndo kazi ikaanza. Mimi hilo lilinifurahisha sana na ndo lilifanya nimwamini na mengine yote.

Sasa kwanini Makongolosi na sio Mbeya mjini ambako mafundi wamejaa? Ni kwa sababu ya dhahabu. Kule Lupa, ukanda wa dhahabu wa Chunya, watu wanachimba toka miaka ya 1920, na mpaka leo wachimbaji wadogo wanashuka kwenye maduara (mashimo ya kuchimbia) na kupandisha mawe kwa winchi ya kuzungusha kwa mkono, kwa hiyo kuna mafundi ambao kazi yao ya kila siku ni hizo winchi. Fundi wa geti na madirisha anaweza kukuchomea kitu kizuri kikang'aa, ila huyu wa mgodini anajua kwamba kitu chake kikiachia kuna mtu yuko chini. Anavyoangalia weld unaona tofauti, anagonga kwa nyundo, anasikiliza, akiona haijamridhisha anakata anarudia bila wewe kumwambia.

Kabla ya hapo kambi yetu ilikuwa na winchi ya umeme ya kufunga kwenye gari, ilinunuliwa dukani, kwenye boksi imeandikwa inavuta uzito mkubwa mpaka unashangaa. Ilipofika kwenye nyati wa kweli mota ikatoa moshi mnyama akiwa nusu ndani nusu nje ya gari, betri nayo ikalala, tukabaki porini hatuna winchi na gari haliwaki. Tuliporudisha dukani jibu likawa "umeme hauna warranty". Sitaji duka, na winchi za umeme za maana zipo, ila bei yake ni ya kampuni kubwa, na hata hiyo ya maana inabaki pale pale lilipo gari.

Na hapo ndo kwenye kiini chenyewe. Nyati dume mzima ni kilo 600, 700, wengine wanapita hapo, pofu dume naye ni hivyo hivyo, hata kuro tu, dume lake lina kilo 200 na kitu. Sheria hairuhusu kupiga mnyama ukiwa kwenye gari, kwa hiyo mnashuka mnafuata nyayo kwa miguu, wakati mwingine masaa, na nyati akishapata risasi hakimbilii barabarani, anaingia kichakani au anashuka korongoni na anadondokea huko huko. Gari liko mbali. Njia ya zamani wote tunaijua, vijana wanashika panga wanafyeka njia mpaka gari lifike. Mimi hii sikuwahi kuipenda, sio kwa ajili ya uchovu tu. Rungwa ni miombo, ukifyeka njia mwaka huu mwakani kuna mtu mwingine anaipita na pikipiki usiku, umemtengenezea jangili barabara kwa mikono yako. Njia ya pili ni kumkata vipande pale pale na kubeba begani, hii inafanya kazi na bado tunaitumia, ila kama mteja anataka kichwa na ngozi ya shingo mpaka mabegani kwa ajili ya kuweka ukutani, skina (mchunaji wa ngozi) anahitaji nafasi na mnyama aliyekaa vizuri, sio kulalia ubavu kwenye tope huku watu sita wanasukumana.

Nianze na winchi yenyewe maana ndo roho ya seti nzima.

Ngoma ya kuzungushia waya ni kipande cha bomba la nchi nne. Pembeni kuna sproketi kubwa ya pikipiki yenye meno 42, inavutwa kwa cheni ya bodaboda na sproketi ndogo ya meno 14, na kwenye hiyo ndogo ndo kuna mkono wa kuzungusha wenye urefu wa sentimita 45. Ukipiga hesabu, sproketi zinakupa mara tatu, mkono ukilinganisha na ngoma unakupa kama mara nane, jumla mara 24. Ukiongeza kapi moja linalotembea na mzigo inazidishwa tena mara mbili. Maana yake mzigo wa kilo 300 wewe mkononi kwenye karatasi unasukuma kilo sita na ushee, weka msuguano wa cheni, beringi na kapi tuseme tisa au kumi. Kijana mmoja anazungusha huku anaongea. Ubaya wake ni taratibu, kupandisha mzigo mita moja unazungusha mkono kama mara 17, na waya ukishajaa kwenye ngoma unaanza kuhisi uzito unaongezeka kwasababu ngoma inakuwa imenenepa. Lakini haraka ya nini jamani, mnyama ameshakufa, kinachotakiwa ni apande salama.

Waya ni wa milimita 8. Mzee alinieleza kitu ambacho wanunuaji wengi hawaulizi: waya kama huo ukiwa mpya na mzuri unakatika kwenye tani tatu na nusu hivi, ila watu wa kunyanyua mizigo wanagawa kwa tano, kwa hiyo wewe uhesabie kilo 700 basi, usizidishe, na ukiona nyuzi zimeanza kukatika na kuchoma vidole, unatupa. Alikataa kabisa kuniwekea waya uliotumika mgodini japo nilikuwa naupata kwa bei ya chini.

Kitu kilichonifanya nimpe kumi ni loki. Kuna gurudumu la meno limechomelewa kwenye shafti ya ngoma, na juu yake kuna ulimi wa chuma unaoanguka wenyewe kwenye kila jino, tak tak tak unausikia unavyozungusha. Ukiachia mkono, mzigo unabaki pale pale. Na sio ulimi mmoja, aliweka miwili, mmoja huku na mwingine kule, ili mmoja ukivunjika mwingine ushike. Winchi nyingi za mikono zinazozunguka huko migodini hazina hata mmoja, watu wanashikilia mkono tu na siku mkono ukiponyoka unazunguka kama feni, umeshavunja watu taya na meno. Kwa kushusha kuna breki, ni flati baa iliyopindwa kuzunguka ukingo wa ngoma na ndani yake kuna raba ya mkanda wa konveya, unavuta ka-mkono kadogo inabana. Ukishusha mbali raba inapata moto, kwa hiyo shusha, pumzika, shusha.

Kipande cha pili ni huo huo mkanda wa konveya, na hiki ndo cha bei rahisi kuliko vyote na ndo kimetusaidia kuliko vyote. Ni kipande cha mkanda mzee uliotolewa kwenye mtambo wa kusagia mawe, upana kama mita moja, urefu mita mbili na nusu, mbele fundi amebana kwa vyuma viwili na bolti na kuweka pete ya kufungia waya. Mnyama analala juu yake anaburutwa. Haugandi kwenye mchanga, haupasuliwi na visiki, nyama haigusi udongo na ngozi haichubuki.

Nitaeleza siku moja mwone unavyofanya kazi. Ilikuwa Oktoba, joto lile la kabla ya mvua, nyati dume kaangukia kwenye korongo la mchanga, ukingo umesimama kama urefu wa watu wawili na gari haliwezi kushuka wala kusogea karibu. Kwanza kabisa matumbo yalitolewa pale pale, hili hakuna kifaa kinacholibadilisha, mwili mkubwa vile unashika joto na tumbo linajaa gesi haraka, ukichelewa umepoteza nyama yote hata kama una winchi ya dhahabu. Halafu tukamwingiza kwenye mkanda vile manesi wanavyobadilisha shuka mgonjwa akiwa kitandani: mnavuta miguu anageuka upande mmoja, mnasukuma nusu ya mkanda uliokunjwa chini ya mgongo, mnamgeuza upande wa pili mnaukunjua. Tukafunga pembe mbele, kwasababu kichwa kikitangulia manyoya yanalala kwa kufuata mwendo, ukimvuta kwa miguu ya nyuma manyoya yanasimama yanakamata kila kitu na ngozi inaharibika. Winchi tukaifunga kwenye mninga uliokuwa juu ya ukingo, chini kabisa kwenye shina, kwa mkanda mpana wa turubai na sio kwa waya, maana waya unaumenya mti. Kapi likakaa kwenye mzigo. Gunia lenye mchanga kidogo likatupwa juu ya waya katikati ili ukikatika ulale chini usirudi na kumchapa mtu, wote wakakaa pembeni, hakuna aliyeruhusiwa kusimama kwenye mstari wa waya wala nyuma ya mzigo. Kijana akazungusha, mwingine akampokea, nyati akapanda ule ukingo pole pole huku mkanda unateleza kwenye mchanga, tulipomfikisha juu hata nywele za shingo zilikuwa bado zina mng'ao. Skina wetu, mzee wa siku nyingi na mtu asiyesifia ovyo, aliipapasa ile ngozi kutoka shingoni mpaka begani akasema tu "hii sasa ni kazi." Hakukatwa mti hata mmoja.

Na kama hakuna mti? Mbugani inatokea. Tunachimba mtaro, tunazika tairi la spea la gari limesimama, waya unatoka kwa kamtaro ka mshazari, tunarudishia udongo na kukanyaga. Linashika vizuri ajabu.

Miguu mitatu sasa. Ni mabomba ya nchi mbili, yale mazito, kila mguu ni vipande viwili vinavyoungana kwa soketi na pini, ukisimamisha unapata kama mita tatu. Winchi inafungwa kwenye mguu mmoja, na hii ni sahihi, waya ukivuta unasukuma kufuata mguu wenyewe badala ya kuuangusha. Hatunyanyui nyati mzima, kile sio kifaa cha kubeba kilo 700 hewani na fundi mwenyewe alishasema asilaumiwe, tunanyanyua upande wa mbele nyuma ikibaki chini, au tunatundika nusu au robo. Swala pala, kongoni, kuro, hao wanapanda wazima. Faida yake ni hewa, nyama ikining'inia inapoa pande zote na skina anafanya kazi amesimama. Shida ni nyayo. Fundi amezoea kufukia miguu ya fremu yake kwenye mwamba wa mgodi, kwa hiyo ametengeneza ncha, na kwenye udongo mweusi wa mbuga ncha inazama kama kisu na mguu mmoja ukizama fremu yote inaegama. Nimeagiza sahani za chuma za kukalia chini. Na sisitizeni cheni ya kufunga miguu yote mitatu pamoja huku chini ili isitanuke, hii nilimwomba mimi, asingeiweka, na bila hiyo usimruhusu mtu yeyote aingie chini ya mzigo.

Toroli ni kitu cha kawaida, fremu ya skwea paipu, rim za nchi 12 za guta, ekseli ya shafti imepita katikati kabisa ya mzigo. Hiyo katikati ndo siri, uzito wote unakaa kwenye matairi na wewe unashika usawa tu. Nyati aliyechinjwa na kusafishwa robo yake ni kilo 80, 90, toroli linabeba mbili bila kelele kwenye njia ya tembo. Mikono yake inachomoka kwa pini, vijana wawili wanalibeba kwenda bila mzigo. Kwenye mteremko mfunge kamba nyuma watu wawili wakalivutie huko, vinginevyo linawakimbia. Nimelipunguzia alama kwasababu ya beringi, hazina kinga ya vumbi na vumbi la Rungwa mnalijua, kila siku chache inabidi kufungua na kupaka grisi.

Rola ya gari nayo fupi tu: bomba la nchi nne limekaa kwenye beringi ukingoni mwa bodi ya mkonga (pikapu yetu), nyuma ya kabini kuna kiti cha chuma cha kufungia ile ile winchi kwa bolti. Mnyama anavutwa, anapanda juu ya rola inazunguka, anaingia. Hakuna kukwaruza, hakuna kupinda mlango wa nyuma. Winchi moja, sehemu tatu, mti, miguu na gari, na huu ulikuwa ubunifu wa mzee sio wangu.

Yaliyonikera. Muda, kama nilivyosema. Wachimbaji ndo wateja wake wa kila siku, duara likisimama kuna watu hawali, kwa hiyo kazi yako inasogezwa pembeni kila winchi ya mgodi inapoletwa mbovu, na simu utapigiwa "njoo kesho" ukienda unakuta bado mabomba yamelala. Namwelewa ila ukitaka kuwahi Julai msimu unapofunguliwa, peleka kazi yako mwezi wa tatu wa nne. Cheni ya winchi haina kava, vidole vinaweza kuingia, tumeweka bati wenyewe. Na zile ndoano za kutundikia nyama aliniwekea za nondo zilizopakwa rangi, hii hapana kabisa, rangi inabanduka inaingia kwenye nyama, nikaenda Mwanjelwa, Mbeya mjini, kununua kulabu za bucha zisizoshika kutu. Wengine nawashauri nunueni kabisa mkampelekee, na beringi pia chukueni Mbeya.

Winchi ni nzito, kama kilo thelathini na kitu, mtu mmoja anabeba ila sio mwendo mrefu, mnapokezana. Na ukimaliza kazi osha kila kitu, damu inakula chuma haraka kuliko mvua, sisi tunaosha kwa maji na sabuni halafu waya unapanguswa kwa kitambaa chenye oili.

Bei: vifaa vyote na ufundi vimekaa kwenye milioni moja na ushee kidogo, mkanda wa konveya alinipa karibu na bure. Ni chini ya ile winchi ya umeme iliyoungua, na hapa napata seti nzima ambayo ikiharibika porini naifungua kwa spana namba 14 na 17, spea yake ni ya bodaboda inapatikana mpaka kijiji cha mwisho.

Ila isichukuliwe kwamba ukishakuwa na hivi basi kila mnyama aliyelala ni wa kubeba. Mkikuta mzoga ambao hamkuupiga nyie msiuguse, hasa wenye damu inayotoka puani au nyuma, kimeta kinaua watu, mwiteni askari na mtaalamu wa mifugo aamue.

Kufika ni rahisi, Mbeya hadi Chunya lami, Chunya hadi Makongolosi lami, ukifika uliza wanapotengeneza winchi za maduara, kila bodaboda anapajua. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, nenda na barua ya kampuni au kibali chako, na ukiweza nenda na picha za gari lako kwa nyuma na vipimo vya bodi, mzee anapenda vipimo na atakuuliza udongo wa huko unakoenda ukoje. Ukiwa na swali kuhusu vipimo vya winchi niulize hapa hapa, nitajibu nikipata mtandao, sahani za miguu mitatu zikishachomelewa nitaleta mrejesho wake.